Soksi za vidole: Kiseke wanacheka, miguu inalia

Wadau wa Rock City, safari hii stori ya mjini haikuwa ndoa ya nani wala gari jipya la nani. Ilikuwa soksi. Ndiyo, soksi!

Mtangazaji mmoja wa kike, jina kubwa tu hapa Mwanza, alijirekodi Jumamosi asubuhi baada ya joging ya Kiseke. Kakaa juu ya jiwe, jasho linamtiririka, kavua raba. Ndani ya raba ikatoka soksi ya pinki yenye vidole vitano, kila kidole kimepewa chumba chake kama glavu. Klipu yenyewe haifiki hata nusu dakika. Kufika saa sita mchana watu walikuwa wameshamchana vibaya.

Mmoja kaandika "miguu ya chura". Mwingine kauliza kama hizo ni soksi au glavu za kupakulia makande. Kuna aliyetaka kujua pete ya kidole cha mguu inavaliwa juu ya soksi au chini yake. Na wale wa siku zote nao wakaja na wimbo wao: anatafuta kiki, mjini watu wana hela za kuchezea.

Mpaka hapo ni vicheko tu, hakuna aliyeumia. Lakini siku ya nne dada akarudi na posti ya pili. Safari hii kulikuwa na namba ya kuweka oda, bei ya Sh 35,000 kwa pea, na maneno matamu kwamba ukizivaa hizo, malengelenge utayasikia kwa jirani.

Hapo ndipo stori ilipoacha kuwa ya kuchekesha. Maana waliocheka wamekosea, na aliyeuza naye kakosea. Soksi za vidole zinafanya kazi, tena vizuri tu. Lakini zinafanya kazi kwa mguu fulani, kwa lengelenge la mahali fulani. Ukimwuzia kila mtu dawa moja bila kumwuliza anaumwa nini, hiyo si biashara ya afya, ni bahati nasibu.

Muulizeni binti mmoja wa kikundi hicho hicho cha joging. Ana miaka 24, anauza chipsi jioni karibu na PPF. Hakuanza kukimbia kwa ajili ya picha. Alipimwa presha, ikakutwa juu, nesi akamwambia kwa umri wake aanze mazoezi mapema. Akanunua raba za mtumba Mlango Mmoja, akajiunga na wenzake, kila Jumanne na Jumamosi saa kumi na moja alfajiri yupo barabarani. Wiki ya tatu kisigino cha kulia kikatoka lengelenge kubwa. Likapasuka, likapona nusu, akakimbia, likarudi. Akiwa kwenye hali hiyo ndipo akaiona ile posti.

Akatoa elfu thelathini na tano. Kwa mtu anayemenya viazi mwenyewe, hiyo si hela ya kuchezea. Soksi zikaja, akavaa kwa shangwe, akakimbia kutoka Kiseke kushuka Sabasaba na kurudi. Kisigino kikatoka damu kama kawaida. Na juu yake, kidole kidogo nacho kikaanza kuuma kwa sababu raba yenyewe ilikuwa imembana tangu mwanzo, na soksi za vidole zinakula nafasi zaidi mbele. Watu wa kikundi wakamcheka kidogo, ule utani wa kawaida. Hakuonekana tena kwa wiki tatu.

Ukiona mtu kaacha mazoezi mitandao husema ni mvivu. Huyu hakuwa mvivu. Alikuwa na kidonda, ameliwa hela, na amechekwa, vyote ndani ya wiki moja.

LENGELENGE LINATOKEA WAPI?

Watu wengi wanadhani lengelenge ni ngozi kusuguliwa juu juu mpaka ikachubuka. Si hivyo hasa. Mtu anapokanyaga, mfupa wa ndani unasogea mbele na nyuma. Ngozi ya nje inakuwa imenatana na soksi, na soksi imenatana na kiatu, kwa hiyo haisogei sawa na mfupa. Katikati, tabaka za ngozi zinavutwa huku na huku, mara elfu na elfu ndani ya saa moja. Mwisho zinaachana ndani kwa ndani, na ule uwazi unajaa maji. Hilo ndilo lengelenge.

Sasa ongeza jasho. Ngozi yenye unyevu inanata zaidi kuliko ngozi kavu, ndiyo maana msimu wa mvua malipo yanakuwa makubwa. Ongeza mteremko. Kiseke ni mawe na vilima. Unaposhuka, mguu wote unakimbilia mbele ya kiatu na vidole vinabanana kama abiria wa haisi saa moja asubuhi. Wanaopanda Kilimanjaro wanalijua hili vizuri: kwenda Uhuru, mita 5,895, mtu anawaza kichwa kuuma na pumzi, lakini kwenye kushuka ndipo vidole vinapolia.

Hapo ndipo soksi za vidole zinapoingia. Kazi yake ni moja tu: kuzuia kidole kisisuguane na kidole jirani, ngozi kwa ngozi, huku kitambaa kikinyonya jasho lililojificha katikati. Mtu ambaye malengelenge yake yanatokea katikati ya vidole, au ubavuni mwa kidole kidogo kwa sababu kinalaliwa na mwenzake, huyo soksi za vidole zinaweza kumwokoa kabisa. Lakini lengelenge la kisigino halina habari na vidole. Kule nyuma soksi ya vidole ni soksi kama soksi nyingine.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kutuma hela si "zipo rangi gani?" Ni "lengelenge langu linatokea wapi?" Swali la dakika moja, lingemwokolea binti wa chipsi elfu thelathini na tano.

WANAOCHEKA NAO WASIKIE

Wapo wanaosema hizi ni anasa za Wazungu, mababu walitembea peku na hawakufa. Kweli mababu walitembea peku. Na Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 peku kabisa, dunia ikashika kichwa. Lakini nyayo za Bikila zilikuwa zimezoea ardhi, ngozi imekomaa. Na wanaopenda kumtaja huwa wanasahau mwendelezo: mwaka 1964 kule Tokyo, Bikila huyo huyo alivaa viatu, akashinda tena. Mguu wa kijana wa Kiseke aliyekulia ndani ya viatu vya shule na kandambili hauwezi kuazima unyayo wa Bikila.

Na hili la kutenganisha vidole si ujinga wa juzi Insta. Wajapani wana soksi za asili ziitwazo tabi, kidole gumba kivyake na vingine kivyake, na wamekuwa wakizivaa tangu enzi na enzi. Mwaka 1951 Shigeki Tanaka wa Japani alishinda Boston Marathon akiwa na viatu vya mtindo huo huo wa kutenganisha kidole gumba. Kama kuna aliyemcheka pale mwanzo wa mbio, mwishoni alikuwa akiuangalia mgongo wake.

Wengine wanasema mkimbiaji wa kweli halii kwa sababu ya lengelenge. Waende wakaangalie Berlin 2015. Eliud Kipchoge, mkali wa dunia, soli za ndani za raba zake zilichomoka akiwa mbioni, zikawa zinapepea nje kama masikio. Akakimbia hivyo hivyo, akashinda kwa saa 2:04:00, na miguu ikamaliza ikiwa na malengelenge na damu. Watu waliona ushujaa, na ushujaa ulikuwepo. Lakini hata yeye, mwenye kampuni kubwa ya viatu nyuma yake, alilipa kwa ngozi yake kwa sababu ya kitu kidogo ndani ya kiatu.

Kitu kidogo si kidogo. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia ya sekunde. Kwenye pengo kama hilo, lengelenge moja tu lingehamisha medali nchi.

Na kwa anayeona ni jambo la utani tu, kuna stori ya Ikulu ya Marekani. Juni 30, 1924, kijana wa miaka 16, Calvin, mtoto wa Rais Calvin Coolidge, alicheza tenisi amevaa raba bila soksi. Akapata lengelenge kwenye kidole cha mguu wa kulia. Vijidudu vikaingia, sumu ikasambaa kwenye damu. Julai 7 alikuwa amefariki. Mtoto wa Rais, madaktari wote wapo, ila dawa za antibayotiki zilikuwa bado hazijaanza kutumika. Leo dawa zipo, lakini lengelenge linalopasuliwa kwa pini ya kitenge na kuachwa wazi kwenye vumbi bado ni mlango ule ule. Na mwenye kisukari asiguse kabisa kulipasua mwenyewe. Aende zahanati au hospitali, maana kidonda kidogo cha mguu kwake kinaweza kuishia kwenye kukatwa.

ANAYETAKA KUNUNUA, ANUNUE HIVI

Haya, yule ambaye malengelenge yake ni ya vidoleni, asione aibu, anunue. Ila aangalie mambo.

Kwanza, kitambaa. Pamba tupu ni tamu kukalia nyumbani, barabarani inakunywa jasho na kukaa nalo. Inalowa, inavimba, inanata. Polista, nailoni au sufu laini ya merino vinatoa jasho nje haraka zaidi. Hili ni kwa soksi yoyote, yenye vidole au isiyo na vidole. Kuna soksi za vidole zinazouzwa mtandaoni zimejaa pamba na katuni za kupendeza; hizo ni za kuvalia kwenye kochi.

Pili, saizi. Soksi ya vidole ikiwa kubwa, ncha zinajikunja mbele ya kucha na kuwa kijiwe ndani ya kiatu. Ikiwa ndogo, inavuta vidole nyuma na mshono unaingia katikati ya vidole kama kamba. Kila kidole kifike mwisho wa chumba chake, bila kubaki kitambaa. Ndiyo, kuvaa kunachukua muda. Anayechelewa kuamka atazichukia.

Tatu, raba yenyewe. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na ubavuni kusiwe na kubana. Kama raba imeshabana kwa soksi ya kawaida, soksi ya vidole itaongeza tatizo. Mguu unavimba ukikimbia muda mrefu, kwa hiyo raba ijaribiwe jioni, na ijaribiwe na soksi yenyewe.

Nne, majaribio. Soksi mpya isivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya Rock City Marathon wala siku ya kupanda mlima. Ipewe kwanza kilomita tatu, kisha tano, kisha ndiyo iaminiwe. Wapanda milima wengine huvaa soksi nyembamba ya vidole ndani na soksi nzito juu yake, ili msuguano ubaki kati ya soksi na soksi badala ya kwenda kwenye ngozi. Ni akili nzuri, kama kiatu kina nafasi ya kubeba zote mbili.

Na bei? Injinji, kampuni ya Marekani yenye jina kubwa kwenye soksi hizi, pea yake kule kwao iko kwenye dola 15 na kuendelea. Kwa hiyo elfu thelathini na tano kwa pea halisi si wizi. Lakini kwa pea isiyo na jina, iliyojaa pamba, bila hata karatasi ya kuonyesha saizi, hapo mteja kapigwa.

ASIYE NA HELA HAJAKOSA DAWA

Sasa turudi kwa binti wa chipsi, maana stori yake haikuishia kule.

Kwenye kikundi yupo mzee mmoja mstaafu wa jeshi, mtu wa maneno machache. Alipoona binti haonekani, akapita kwenye banda lake jioni. Hakumpa hotuba. Baada ya "shikamoo baba" na "marahaba mwanangu", akaomba aione ile raba. Akaingiza mkono ndani, akapapasa, akatikisa kichwa. Soli ya ndani ilikuwa imejikunja upande wa kisigino, na kitambaa cha nyuma kimelika mpaka plastiki imechungulia. Mguu wa mwenye raba wa kwanza, huko Ulaya au Marekani, ndio uliokuwa umeichonga hivyo.

"Mwanangu, soksi haina kosa," akamwambia. "Kiatu ndicho kinachokula kisigino."

Dawa aliyompa haikufika elfu kumi. Soli ya ndani mpya. Soksi moja nyembamba isiyo ya pamba. Kamba zipitishwe kwenye yale matundu ya mwisho juu kabisa ambayo wengi huyaacha: kinatengenezwa kitanzi kidogo kila upande, kamba inavushwa kuingia kitanzi cha upande wa pili, kisha inakazwa, kisigino kinatulia hakipandi wala kushuka. Na plasta ya karatasi, ile nyeupe ambayo manesi hushikizia sindano ya dripu, ibandikwe kisiginoni kabla ya kukimbia, kwenye ngozi safi na kavu.

Hiyo plasta si imani ya mzee tu. Mwaka 2016 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wao kwa wakimbiaji 128 wa mbio za hatua sita, takribani kilomita 250. Sehemu zilizobandikwa plasta ya karatasi zilipata malengelenge pungufu kwa kama asilimia 40. Kitu kinachouzwa duka la dawa, bei yake haifiki hata nusu ya sahani ya sato. Wapo pia wanaopaka mafuta ya mgando. Yanasaidia kwa muda, ila kwenye safari ndefu yapakwe tena, maana yanaisha na msuguano unarudi.

Binti akasubiri kidonda kikauke, akarudi. Sasa hivi anakwenda kilomita sita bila kuchechemea. Na zile soksi za pinki? Alizifua, akampa dereva mmoja wa bajaji wa kikundi hicho hicho, ambaye kila wakipanda vilima alikuwa anarudi na vidonda katikati ya vidole. Jamaa alicheka sana kuhusu rangi. Akazivaa, akapanda, akashuka, akavua: vidole vizima. Sasa ndiye anayechekwa, na hajali.

Soksi ni zile zile. Kwa mmoja ziliongeza maumivu, kwa mwingine zimemaliza tatizo la mwaka mzima. Kilichobadilika ni mguu na mahali pa lengelenge.

MANENO MAWILI KWA DADA MTANGAZAJI

Dada, biashara si dhambi, na hakuna anayekuonea wivu. Soksi zako huenda zinakusaidia kweli. Lakini watu wanaokufuata hawafuati soksi, wanakufuata wewe. Wakisikia kutoka kwako kwamba malengelenge yameisha, wanaamini kama wamesikia redioni. Kama umepewa bure na mwenye mzigo, sema umepewa. Kama zinafaa kwa vidole tu, sema ni za vidole. Sentensi mbili hizo hazikupunguzii wateja, zinakupunguzia wateja wa kukulaani.

Na wale mafundi wa kuchana watu, nao wajiangalie. Kila anayeamka alfajiri kukimbia anapambana na kitu ambacho wengine hawakioni: presha, kisukari cha ukoo, mawazo, uzito, talaka. Akikosea kiatu, aelekezwe. Akivaa soksi ya ajabu, aulizwe kwanza inamsaidia nini. Utani wa sekunde tano unaweza kumrudisha mtu kitandani, na presha haina utani.

Haya wadau wa Kiseke, Buswelu, Nyasaka na Rock City yote: nani kashazijaribu soksi za vidole, na lengelenge lako lilikuwa wapi? Dondosha hapo chini. Ukitaja bei, taja na kitambaa chake.